Kontena Moja, Ng'ambo Tatu

  Leo nataka tuzungumze juu ya makontena. Si yale ya bandarini, ingawa na hayo tutayapitia, maanake mimi ni mkazi wa Changamwe na haipiti siku bila lori la kontena kunizibia njia. Nataka kueleza makontena ya programu: ni kitu gani, tunayatumiaje kutengeneza tovuti ndani ya laptopu zetu kabla ya kuipeleka kwenye seva, na kwa nini naona jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi watu wa ng'ambo za Mombasa kuliko kwa wale walioandika miongozo yake huko Ulaya na Marekani.

Niseme mapema ninachoamini, ili asiye na muda aondoke nacho. Namna mnavyopanga mazingira ya kazi ya programu ni mlango. Kuna wanaoingia na kuna wanaobaki nje. Aghalabu anayebaki nje si kwamba hajui kitu, bali laptopu yake ni kuukuu, bando lake limekwisha, na anakaa upande wa pili wa maji. Makontena yakipangwa kwa kumfikiria yeye, mlango unafunguka. Yakipangwa kwa kumfikiria mwenye mashine mpya na intaneti isiyopimwa, mlango unatiwa komeo.

KONTENA NI NINI HASA?

Mtu wa Changamwe hahitaji mfano wa mbali. Meli inatia nanga Kilindini, kontena linashushwa, linawekwa juu ya lori au behewa la SGR, linakwenda Nairobi, na mengine yanaendelea hadi Kampala, Kigali au Juba. Njiani hakuna anayelazimika kujua kama ndani mna matairi au mna vikombe. Kreni inalishika sanduku kwa pembe zake, na lori linalifunga kwa pembe zizo hizo. Basi.

Zamani haikuwa hivyo. Gunia, pipa na kasha vilishushwa kimoja kimoja kwa mgongo na mikono ya makuli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal-X, ya Mmarekani Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba masanduku 58. Watu wakaona ni kituko. Lakini kilichogeuza dunia si masanduku yale, ni makubaliano yaliyofuata juu ya vipimo vya sanduku na pembe zake, hata kreni ya Kilindini ikaweza kulinyanyua sanduku lililopakiwa China bila kuuliza swali.

Sasa rudi kwenye tovuti. Tovuti si faili zako tu. Inataka lugha yake, tuseme Python, tena ya toleo fulani. Inataka maktaba zake, nazo kila moja ina toleo lake. Inataka hifadhidata, nayo inataka mipangilio yake. Kumpelekea mwenzako vitu hivi kimoja kimoja, kwa maelezo ya kurasa tatu, ndiko kubeba gunia kwa gunia. Kontena la programu linafunga vyote pamoja, ili mashine inayopokea isihitaji kujua ndani mna nini.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1979 Unix ilikuwa tayari na amri ya chroot, ya kuifungia programu ndani ya folda moja isione nje. Mwaka 2000 FreeBSD ikaleta kitu ilichokiita jela. Mwaka 2006 wahandisi wa Google wakaanza kazi iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2008 kwa jina la cgroups, inayolipimia kila kundi la programu posho yake ya RAM na ya prosesa. Halafu Machi 2013 Solomon Hykes akapanda jukwaani kwenye mkutano wa PyCon huko Marekani akaionyesha Docker, ambayo ilichukua mambo haya magumu ikayafanya yaitike kwa amri moja fupi.

Hilo jina lenyewe mnalijua maana yake? Docker, kwa Kiingereza cha Waingereza, ni kuli wa bandarini. Kwa hiyo kila ninapoandika amri ile hapa Changamwe, namwita kuli aje apakue mzigo.

Maneno mawili zaidi kisha tuendelee. Imeji ni mzigo uliokwisha kufungwa na kutiwa lebo, haubadiliki. Kontena ni mzigo huo ukiwa umewashwa na unafanya kazi. Imeji moja yaweza kuzaa makontena kumi. Na kontena si tarakilishi ndani ya tarakilishi. Linatumia kiini kile kile cha Linux kinachoendesha mashine yako, ndiyo maana ni jepesi. Kiwekeni akilini kipengele hiki cha Linux, kitatufaa mbele.

SISI WATATU

Mimi niko Changamwe. Mwenzangu wa pili anakaa Kisauni, upande wa Mtopanga. Wa tatu ni dada mmoja wa Likoni, kule Mtongwe. Itazameni ramani: sote watatu tuko bara, na kisiwa kiko katikati yetu. Nikitaka kwenda Kisauni nivuke Makupa, nikate mjini, nivuke tena daraja la Nyali. Dada akitaka kuja kwetu apande feri. Barabara ya Dongo Kundu imempunguzia adha mwenye gari, lakini anayekwenda kwa miguu mara nyingi hutegemea feri, na foleni yake mnaijua. Kukutana kwa saa mbili za kazi kunakula siku nzima.

Tulikuwa tukitengeneza tovuti ya kikundi cha akina mama wa Likoni wanaoweka akiba na kukopeshana kila wiki. Hesabu zao zote zilikuwa ndani ya daftari moja kubwa lililofungwa kwa mpira, na daftari hilo lilikwisha kunyeshewa na mvua mara moja.

Mwenzangu wa Kisauni ni fundi hodari. Aliandika sehemu ya faini haraka sana: asiyelipa kufikia siku ya mkutano, anatozwa. Dada wa Likoni akaisoma akasema, "Hapana, kaka. Aliyefiwa hatozwi. Aliyejifungua naye hatozwi mpaka zipite siku arubaini." Mama yake ni mwanachama tangu kikundi kianze, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsaidia mweka hazina kujumlisha. Mambo haya hayakuandikwa popote, yalikuwa kichwani mwake. Bila yeye tungewajengea akina mama wale kitu kizuri cha kutazama, ambacho kingemtoza faini mama aliye matangani.

Lakini yeye ndiye ambaye hakuweza kuiwasha tovuti. Laptopu yake ni ya mtumba, RAM GB 4, Windows ya siku nyingi. Alihangaika nayo Jumamosi mbili. Ya kwanza ikaishia kwenye kuipakua hifadhidata, bando likakata katikati. Ya pili ikaishia kwenye maandishi mekundu. Jioni akaniandikia: "Kaka samahani. Hii laptopu yangu haiwezi. Tafuteni mtu mwenye mashine nzuri, mimi nitakuwa nawaeleza tu kwa simu."

Yule anayeijua kazi anageuzwa kuwa mtu wa kuulizwa kwa simu, na anayeandika ni mwenye mashine nzuri. Nimeliona likitokea mara nyingi, na halitangazwi kama ubaguzi. Mtu anajiondoa mwenyewe, tena anaomba na radhi.

"KWANGU INAFANYA KAZI"

Kila fundi wa programu analijua neno hili. Mtu analalamika kwamba kitu kimekataa, nawe unajibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwa sisi watatu tofauti zilikuwa hizi, na naziorodhesha kwa sababu mtazikuta hata kwenu.

Ya kwanza, majina ya faili. Windows haitofautishi nembo.JPG na nembo.jpg. Linux inatofautisha. Kwa mwenzangu wa Kisauni nembo ya kikundi ilionekana, kwenye seva haikuonekana.

Ya pili, matoleo. Mimi nilikuwa na Python 3.12, dada alikuwa na 3.8. Maktaba moja tuliyoitegemea haikukubali kabisa kuingia kwake.

Ya tatu ndiyo hatari zaidi. Kwa kuwa PostgreSQL ilimshinda kuiweka, dada alitumia SQLite, ambayo ni nyepesi na haitaki seva. Ni chombo kizuri, lakini kwa kawaida SQLite haina ukali juu ya aina ya data. Ukiandika "mia tano" kwenye safu uliyosema ni ya namba, inayahifadhi maneno yako kama yalivyo. PostgreSQL inakataa papo hapo. Kwa hiyo jaribio lililopita Likoni lilianguka kwenye seva. Kwenye hesabu za pesa za watu, tofauti hiyo si ya kuchezea.

TULIVYOPANGA

Tukaamua kila kitu kiingie kontenani. Kwanza ikabidi tushughulike na laptopu ya Likoni. Nilisema kontena linatumia kiini cha Linux. Windows haina kiini hicho, kwa hiyo Docker ikiwa juu ya Windows inawasha mashine pepe ya Linux kwanza, nayo inadai RAM yake kabla kazi haijaanza. Kwenye GB 4 hapo tayari umelemewa. Ukiweka Linux yenyewe, mashine pepe inaondoka njiani na kontena linakaa moja kwa moja juu ya kiini. Tukamwekea Debian kando ya Windows, yenye sura nyepesi isiyo na mapambo. Mashine ile ile aliyoambiwa haiwezi ikaweza, bila kuongezwa hata kipande kimoja.

Watu huniuliza kama Docker ni ya kulipia. Ile injini inayotumika kwenye Linux ni programu huria. Docker Desktop, ile ya madirisha, tangu 2021 inawadai malipo makampuni makubwa, yaani yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Kikundi cha akina mama wa Likoni hakijafika huko, inshallah kitafika. Kama bado una shaka, iko Podman, nayo ni huria na amri zake zinafanana.

Faili ya kwanza ni Dockerfile, maelezo ya namna ya kufunga mzigo:

    FROM python:3.12-slim
    WORKDIR /kazi
    COPY requirements.txt .
    RUN pip install --no-cache-dir -r requirements.txt
    COPY . .
    CMD ["flask", "--app", "chama", "run", "--debug", "--host", "0.0.0.0", "--port", "8000"]

Mistari sita, na kila mmoja una hila yake. Neno slim mwishoni mwa mstari wa kwanza si pambo. Imeji ya Python iliyo kamili, ikifunguliwa, ni karibu GB 1. Iliyopunguzwa haifiki MB 150. Kwa mwenye bando, huo ndio mstari ghali kuliko yote.

Tazameni pia mpangilio. Orodha ya maktaba inanakiliwa kwanza, maktaba zinawekwa, ndipo msimbo wetu unanakiliwa. Docker inajenga imeji kwa matabaka, kama chapati za kusukuma. Tabaka likibadilika, lililo juu yake linajengwa upya, lililo chini linabaki. Msimbo wetu unabadilika mara hamsini kwa siku, maktaba zinabadilika mara moja kwa mwezi. Ukiupindua mpangilio huo, kila ukibadilisha nukta moja na kujenga tena, maktaba zote zinapakuliwa upya kutoka intaneti. Kwa mwenye waya wa kasi ni sekunde thelathini. Kwa mtu wa Mtongwe ni pesa ya mboga.

Na ile 0.0.0.0: usipoiandika, tovuti itasikiliza ndani ya kontena peke yake, nawe nje utabisha hodi bila majibu.

Faili ya pili ni compose.yaml, inayosema makontena gani yawake pamoja:

    services:
      tovuti:
        build: .
        image: chama-tovuti:1
        ports:
          - "127.0.0.1:8000:8000"
        volumes:
          - .:/kazi
        environment:
          DATABASE_URL: postgresql://chama:siri@hifadhi/chama
        depends_on:
          hifadhi:
            condition: service_healthy
      hifadhi:
        image: postgres:16-alpine
        environment:
          POSTGRES_USER: chama
          POSTGRES_PASSWORD: siri
        volumes:
          - data:/var/lib/postgresql/data
        healthcheck:
          test: ["CMD-SHELL", "pg_isready -U chama"]
          interval: 5s
    volumes:
      data:

Majina ya tovuti na hifadhi tumeyatoa sisi, na Docker haina tatizo na Kiswahili. Kontena la tovuti linaitafuta hifadhidata kwa kuliita jina lake, hifadhi, kama mtu anavyomwita jirani. Mstari wa .:/kazi unaifungua folda yako ndani ya kontena, ili ukihariri faili kwa programu yako ya kawaida, mabadiliko yaonekane papo hapo bila kujenga upya. Ile healthcheck inaizuia tovuti isiwake kabla hifadhidata haijawa tayari. Kwenye mashine yenye kasi hutauona umuhimu wake, kwenye laptopu ya mtumba utauona siku ya kwanza.

Baada ya hapo amri ni moja:

    docker compose up

Fungua kisakuzi chako, nenda mlango 8000, tovuti iko pale. Python moja, PostgreSQL moja, herufi kubwa na ndogo zenye maana moja, Changamwe, Kisauni na Likoni.

MZIGO UKAPANDA FERI

Miongozo mingi inaishia hapo juu. Inachukulia kwamba ukiandika "up" vitu vitajishukia vyenyewe kutoka intaneti. Kwetu hapo ndipo kazi inapoanza.

Jambo hili lina kichekesho chake. Nyaya za chini ya bahari zinaingilia hapa hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Intaneti ya Nairobi, ya Kampala na ya Kigali inapita mlangoni petu. Lakini kati ya ufuo na laptopu ya dada wa Mtongwe kuna bando la simu linalohesabiwa kwa MB. Na hata nyaya zenyewe si za kuaminiwa kila siku: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko.

Tena tangu Novemba 2020 Docker Hub, ile ghala kubwa ya imeji, inamwekea kikomo cha kupakua mtu asiyejisajili, na kikomo hicho kinahesabiwa kwa anwani ya intaneti. Kwenye saiba, au kwenye mtandao wa simu ambako watu wengi wako nyuma ya anwani moja, waweza kuambiwa umemaliza fungu lako nawe hujapakua hata imeji moja. Dawa yake ni kujisajili bure na kuingia kwa docker login. Dawa iliyo bora zaidi ni kutopakua kabisa.

Mimi nilipakua mara moja, usiku, kisha nikaandika:

    docker save chama-tovuti:1 postgres:16-alpine | gzip > mzigo.tar.gz

Faili yote haikufika MB 250. Ikaingia kwenye flashi ya kawaida. Mwenzangu wa Kisauni alikuja Changamwe kwa shughuli zake, akanakili. Ya Likoni ilivuka kwa feri mfukoni mwa kaka yake dada, anayefanya kazi mjini, na mtu wa miguu halipi nauli ya feri. Kule Mtongwe ikawa:

    docker load -i mzigo.tar.gz
    docker compose up --no-build

Hakutumia hata MB moja kuipata Python wala PostgreSQL. Msimbo wenyewe, ambao ni KB chache, unapita kwa git kwenye bando dogo tu. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri na tovuti inaendelea, maana haitegemei chochote kilicho nje.

Angalizo moja kwa wenye Mac mpya zenye prosesa za ARM: imeji uliyoijenga huko haitafaa kwenye laptopu ya Intel mpaka ujenge kwa kutaja linux/amd64. Mzigo uwe na lebo ya bandari unakokwenda.

TAHADHARI ZA PESA ZA WATU

Flashi inayovuka Likoni yaweza kuanguka. Kwa hiyo ndani yake isiwepo hata shilingi ya mwanachama halisi. Kumbukeni mstari wa COPY . . katika Dockerfile: unabeba kila kilichomo ndani ya folda. Ukiwa na nakala ya hifadhidata ya kweli humo, au faili ya .env yenye nywila, vyote vinaingia ndani ya imeji na kusafiri. Andikeni faili ya .dockerignore, mvitaje humo. Sisi tunafanyia kazi wanachama wa kubuni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, mkopo wa mama wa watu si habari ya kubeba mfukoni.

Pili, msitumie neno latest mahali pa toleo. Leo lina maana moja, mwezi ujao lina nyingine, na data iliyoandikwa na PostgreSQL 16 haifunguki hivi hivi kwa toleo la juu. Tajeni namba.

Tatu, docker compose down inazima makontena na kuiacha data. Ukiongeza -v mwishoni, inafuta na data. Herufi moja hiyo. Msomeni mara mbili kabla ya kubonyeza.

NA MAKULI JE?

Mwenzangu wa Kisauni alikuwa na hoja, na si hoja dhaifu. Alisema tukimpa dada sanduku lililofungwa atakuwa mtu wa kuandika "up" tu, asijue PostgreSQL ni nini wala Python inakaa wapi. Sisi tulijifunza kwa kuteseka, alisema, na mateso yale ndiyo yaliyotufundisha.

Nikamjibu kwa habari ya babu. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini, na akisimulia, husema kontena ndilo lililomstaafisha. Lilikuja, likafanya kwa saa chache kazi ya siku nyingi, na wengi wa wenzake hawakuitwa tena. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuliimbia kontena mashairi. Najua sanduku likija kuna anayeachwa nje. Swali langu ni dogo tu: hili letu linamwacha nje nani? Yale mateso ya Jumamosi mbili hayakumfundisha dada PostgreSQL. Yalimfundisha kwamba laptopu yake haiwezi, na pengine na yeye hawezi.

Tena sanduku hili halina kufuli. Juma la pili aliniuliza anawezaje kuchungulia ndani. Nikampa mstari mmoja:

    docker compose exec hifadhi psql -U chama

Tangu siku hiyo hifadhidata anaisoma kuliko mimi. Alijaribu kuandika "mia tano" mahali pa namba, PostgreSQL ikamkatalia, akacheka. Akajifunza bila kuhofia kwamba ataiharibu laptopu, kwa sababu kontena likivurugika unalifuta, unaliunda upya kutoka imeji ile ile, linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Mabadiliko yake ya kwanza aliyoyatuma yalikuwa mistari kumi na minne: aliyefiwa hatozwi faini, aliyejifungua hatozwi mpaka siku arubaini. Mwenzangu wa Kisauni aliyasoma, akayapitisha bila neno.

Sisemi kila mtu ahitaji haya. Kama uko peke yako, na tovuti yako ni kurasa nne, makontena ni kubeba kisima kwa ajili ya kikombe cha maji. Wala makontena hayashushi bei ya bando, wala hayarudishi umeme. Lakini mkiwa wawili, na maji yako katikati, fikirieni. Msipime mpango wenu kwa laptopu iliyo bora kati yenu. Pimeni kwa ile iliyo duni kuliko zote, iliyo mbali kuliko zote, usiku ambao bando limekwisha. Ikiwaka pale, itawaka popote.

Haya, flashi hizo na feri hiyo hapo, kazi kwenu. Nikipata nafasi nitaeleza namna tulivyoipandisha tovuti hii kwenye seva na namna tunavyohifadhi nakala za data kila usiku. Mpaka wakati huo, kwaherini.